Simu Iliyobisha Hodi Getini

Mimi nina mdomo. Sikatai, na yeyote aliyefanya kazi nami hata wiki moja atakwambia hivyo hivyo kabla hujamuuliza. Marehemu mama yangu, aliyechuma chai maisha yake yote katika mashamba ya huku milimani, alizoea kusema mdomo wangu utanifikisha kaburini kabla ya siku zangu. Alikosea kidogo tu. Ulimfikisha mtu mwingine.

Nasimamia mtandao wa chuo kimoja kilicho juu ya mji wa Lushoto, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia madirishani kama mwenye nyumba. Ukisikia mtandao wa chuo usifikirie makubwa. Ni rauta kuu moja, swichi nne za kugawa mtandao vyumbani, nyaya tulizozivuta wenyewe darini huku tukimeza vumbi, na visanduku vya waifai ukutani, kimoja kikiwa kwenye kibanda cha mlinzi getini. Tulikuwa wawili kazini. Mwenzangu alikuwa Msambaa wa njia ya kwenda Irente, hajaoa, anaishi na mama yake, nami nilimzidi miaka kumi na miwili. Aliniita dada, nikamwita mdogo wangu. Wazazi wangu walikuja kutoka mbali kufuata kibarua cha chai, kwa hiyo Kisambaa changu ni cha kuokoteza, na kila nilipokivunja alicheka mpaka akashika ukuta.

Hakuwahi kununua bando. "Bando la nini, dada, wakati chuo kina mtandao?" Simu yake ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka, na nje ya chuo ilipiga na kupokea simu za kawaida, basi. Lakini hilo halikumzuia kunizungumzisha. Akitumwa Soni, au akiwa nyumbani tu Jumapili, alinirekodia meseji za sauti moja baada ya nyingine, na zote zikakaa humo simuni zikisubiri. Akifika getini, simu ikidaka waifai ya kibanda cha mlinzi, zote zilitoka kwa mpigo. Mimi niko ofisini, simu yangu inalia mezani ting, ting, ting, ting, najua mdogo wangu kaingia. Sauti ilitangulia, mwenyewe akafuata dakika tano baadaye akihema kwa zile ngazi. Alinikuta nimeshamimina chai.

Mama yake alilijua hilo na alikuwa akimtania. Simu ya mwanangu, alisema, ni bubu njia nzima, ikifika getini kwa wakubwa ndiyo inapata ulimi.

Halafu hakupenda kukisia. Mtandao ukiumwa mimi hukimbilia kulaumu: swichi mbovu, radi, panya, wanafunzi. Yeye angevuta kiti, akafungua kompyuta na ile programu yetu ya kunasa, akasema, "Dada, tunase kwanza, tuangalie." Nieleze kidogo. Kila kinachopita mtandaoni, iwe picha ya harusi au barua ya mkuu wa chuo, hukatwa vipande vidogo, wenyewe tunaviita pakiti, na kila pakiti ina bahasha yake: imetoka kifaa gani, inakwenda kifaa gani, ina uzito gani. Programu hukaa kando ya njia na kuandika kila bahasha inayopita, mstari kwa mstari, mpaka macho yanauma. Barua yenyewe huioni, imefungwa. Lakini mwenye subira akizisoma bahasha hujua nani anamtafuta nani, nani kajibiwa, nani kanyimwa. Yeye alikuwa na subira hiyo. Na kwa kuwa vifaa hujitambulisha kwa tarakimu ndefu zisizokaa kichwani, alishinda siku nzima akiviandikia majina kwenye kompyuta yangu: Mkuu, Maktaba, Uhasibu, Mlinzi. Simu yangu akaiita Dada. Yake akaiita Mdogo.

Masika yaliyopita mtandao ukaanza kufa. Asubuhi na mapema ulikuwa mzima, jioni mzima; ukifika muda wa kazi, watu wamekaa mezani, nusu ya kompyuta zinapotea. Hali ikaenda hivyo wiki kadhaa. Siku hiyo mkuu wa chuo alinipigia mara tatu kabla ya saa nne, na mara ya tatu alinisemea maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikatoka ofisini nimevimba. Nikamkuta mdogo wangu kwenye korido, wanafunzi wamejaa, wahasibu wamesimama mlangoni kwao, naye anafungua kompyuta taratibu kama hana haraka na dunia.

"Dada, tunase kwanza, tuangalie..."

"Tuangalie nini? Kila siku wewe kuangalia, kuangalia, tumekuajiri uwe mtazamaji? Swichi imekufa! Mpya inakuja na basi la Dar. Shuka Mombo ukaichukue leo hii, na usinirudie mikono mitupu!"

"Mvua hiyo inakuja, dada. Barabara..."

"Kwani wewe chumvi, utayeyuka?"

Watu walicheka. Naye akacheka kidogo, cheko la aibu, akachukua koti lake. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia ana kwa ana.

Saa nane mchana mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka huwezi kusikia mtu aliye mbele yako. Nilisimama dirishani. Mlima wa pili haukuonekana. Moyo ukaanza kunisuta, lakini hasira ilikuwa bado haijashuka. Na hapa nataka niseme kweli, maana bila hili hakuna sababu ya kuandika lolote. Salio nilikuwa nalo. Namba yake ilikuwa inapatikana. Badala ya kumpigia, nikamwandikia kwenye mtandao: Mvua kubwa, usirudi leo, lala hukohuko. Ikaonyesha tiki moja, maana yake imetoka kwangu haijafika kwake. Nilijua fika haitamfikia mpaka afike getini, na akishafika getini haitakuwa na kazi tena. Niliandika ili niwe nimeandika. Kumpigia kungekuwa kumwomba radhi, na mimi sikuwa nimezoea kumwomba radhi mtu niliyemgombeza mbele za watu.

Jioni, kati ya Mombo na Soni, udongo uliporomoka barabarani ukalifukia fuso tupu lililokuwa likirudi kutoka kushusha kabichi. Mdogo wangu alikuwa ameomba lifti humo. Dereva alitolewa amevunjika mguu. Mdogo wangu alitolewa kesho yake asubuhi. Boksi la swichi lilikutwa chini ya kiti, limelowa pembe moja tu.

Msibani nilikaa na wanawake ndani, kwenye mkeka. Mama yake hakuwa akilia kwa sauti. Aliuliza swali moja, akalirudia kwa Kiswahili na kwa Kisambaa, kwa kila aliyeingia kumpa mkono: nani alimtuma mwanangu barabarani na mvua ile? Mkuu wa chuo alipofika kutoa rambirambi akaulizwa vivyo hivyo, akajibu kwa upole wake wa kiofisi, "Mama, alijituma mwenyewe. Alikuwa na moyo wa kazi." Watu wakaitikia, ee, kweli, alikuwa na moyo. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nimejitanda kanga mpaka machoni. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno, siku hiyo ulikosa.

Baada ya wiki nikapewa maelekezo ya kawaida: funguo za marehemu zirudishwe, kitambulisho kirudishwe, simu yake iondolewe kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa mtandaoni. Nilifuta mstari mmoja. Ilinichukua muda wa kupiga chafya. Na tangu siku hiyo nikaacha kupita geti kuu. Nilipita njia ya chini, ya msituni, na viatu vyangu vikafika kazini na tope kila siku, ili tu nisilione lile geti alilokuwa akiingilia.

Swichi niliiweka mwenyewe. Kesho yake saa tatu asubuhi mtandao ukafa kama kawaida yake.

Nilikaa sakafuni. Sikupiga kelele, sikumlaumu mtu, hapakuwa na mtu. Nikavuta kompyuta, nikachomeka kile kiantena chetu kidogo kinachosikia hata vifaa visivyoruhusiwa, nikasema kwa sauti ndani ya chumba kitupu, "Haya, tunase kwanza, tuangalie."

Haikuchukua hata saa nzima. Kifaa chochote kikiwashwa huanza kwa kuuliza: nani atanipa anwani? Anayetakiwa kujibu ni mmoja, rauta kuu. Nikaona majibu mawili. Kulikuwa na mwingine ndani ya chuo anayejifanya mkubwa, anagawa anwani za uongo, kama mtu aliyekaa njia panda akiwaelekeza wageni kijiji kisichokuwepo. Nikaifuata tarakimu yake, swichi kwa swichi, waya kwa waya, darini, ukutani, mpaka kwenye ofisi yangu, mpaka chini ya meza yangu mwenyewe. Palikuwa na kirauta kidogo. Nilikileta kutoka nyumbani kwa sababu waifai ilinisumbua pale nilipokaa. Nilikiwasha nikiingia asubuhi, nikakizima nikitoka jioni.

Nikakichomoa. Chuo kizima kikapona hapo hapo. Swichi ya zamani haikuwa na ubovu wowote, mpaka leo ninayo, inafanya kazi. Mtu alikufa akifuata kitu tusichokihitaji, na angeachwa anase kwa saa moja asingekwenda kokote.

Nilitaka kufunga programu nikalie vizuri. Mkono uko kwenye kitufe, nikaona jina.

Mdogo.

Mstari ukapita. Baada ya muda mfupi ukaja mwingine. Mdogo anaomba kuingia. Kisanduku cha getini kinajibu hapana. Kimya kidogo. Mdogo anaomba kuingia. Hapana. Mdogo. Hapana. Mdogo.

Tangu siku ile sijawahi kumcheka anayesema amesikia mzimu ukimwita. Simu ile nilidhani imebaki chini ya ule udongo, au imezikwa, sikuwa nimethubutu kuuliza. Na hii haikuwa simu ya kisasa. Za siku hizi hubadilisha tarakimu zake zikienda ugenini, huwezi kuapa kwamba ni yenyewe. Ya kwake ilikuwa kongwe, haijui kujificha. Nilizisoma zile tarakimu moja moja kwa kidole. Zilikuwa zake.

Siku ya pili ikaja saa tatu, ikaondoka saa kumi. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya gulio haikuja, na badala ya kushukuru, nilishinda natoka jasho. Kesho yake ikarudi. Nguvu yake haikupanda wala kushuka, maana yake haitembei, imetulia mahali pamoja pale getini na kubisha hodi mchana kutwa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Nilifunga mlango nikakaa naye. Niliacha kunywa chai ofisini, kwa sababu asubuhi moja nilijikuta nimemimina vikombe viwili. Simu ya mtu ikilia ting kwenye korido, nageuka kuitazama yangu.

Na polepole nikaelewa kinachobisha hodi ni nini. Mdogo wangu hakuweza kukaa njiani siku nzima bila kunirekodia. Zile meseji za siku ya mwisho bado zilikuwa humo, zinasubiri geti. Nikiirudisha simu kwenye orodha, zitatoka, na atakayezisikia atajua nani alimtuma. Nisipoirudisha, iko siku simu itakufa, na lile swali la msibani litabaki na jibu zuri la mkuu wa chuo. Yote yalikuwa kwenye mstari mmoja, na mstari uko mkononi mwangu. Nilikaa siku tisa bila kuuandika. Sijisifu.

Siku ya kumi nikabeba kompyuta, kiantena kikiwa kimening'inia pembeni, nikashuka ngazi kuelekea getini. Kila hatua Mdogo akazidi nguvu. Mlinzi akanitazama akacheka. "Fundi, leo unapima viwanja?" Nikalipita geti.

Nje, kwenye majani ya ukingo wa barabara, mama yake alikuwa amekaa na kikapu cha maparachichi. Amejitanda kanga nyeusi. Mbele yake, juu ya kitambaa kilichokunjwa vizuri, ilikuwa ile simu yenye kioo kilichopasuka, inawaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

Nikachuchumaa. Akanieleza bila kuulizwa, kama alikuwa akinisubiri. Simu walimkuta nayo mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa imelowa, akampelekea fundi mjini akaikausha, ikawaka. Yeye hajui kuitumia, anayo ndogo ya vitufe. Anaichaji dukani kila jioni, asubuhi anakuja nayo hapa. "Mwenyewe nilimtania miaka yote kwamba ikifika getini inaongea. Nikasema, basi nitaileta getini, labda kuna neno la mwanangu limebaki humu. Nimekaa, nimekaa, haisemi. Nyie mnaojua mitambo, kwa nini haisemi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Maji yaliingia, mama, imeharibika. Angeamini. Angerudi nyumbani na msiba wake, mimi ofisini na wangu. Nikatazama kioo cha kompyuta pale magotini. Mdogo, hapana. Mdogo, hapana. Na anayesema hapana si mashine. Ni mimi.

"Haijaharibika," nikasema. "Nimeizuia mimi, mama."

Akanitazama. "Basi ifungulie."

Nikauandika ule mstari. Nikakaa kwenye majani kando yake, tukangoja. Mdogo akaomba kuingia. Safari hii akajibiwa.

Simu yangu ikalia mfukoni. Ting. Ting. Ting. Ting. Ting. Na ile ya kwake, pale kitambaani, ikalia mara moja tu.

Meseji ya kwanza alikuwa anacheka. "Dada, nakwambia leo nina kismati. Kondakta kapitiliza Mombo na boksi letu, kalishusha Mazinde. Haya, nalifuata Mazinde." Mama yake aliposikia ile sauti alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Nikabonyeza ya pili. "Saa nane hii, nipo Mazinde, boksi ninalo, nakula mhindi wa kuchoma. Huku jua, ila huko kwenu juu naona kumefunga." Ya tatu ilikuwa fupi. "Bado umenuna? Nimeloa hapa Mombo mpaka kwenye soksi, na sijayeyuka. Mimi si chumvi, dada."

Ya nne ilikuwa ndefu, injini ya gari inanguruma nyuma yake. "Sasa sikiliza na usihamaki. Nimefikiria njia nzima, nadhani siyo swichi. Kile kirauta chako chini ya meza. Unakumbuka mtandao ulianza kufa lini? Wiki ile ile uliyokileta. Nadhani kinagawa anwani. Nikifika tunase tuangalie, utaona. Lakini usimwambie mtu. Mkuu akiuliza, nitasema nilikichomeka mimi. Mimi nimezoea kugombezwa, kwangu ni kama mvua tu. Wewe ni mkubwa, usiaibike mbele ya watoto wa watu."

Nilitaka kuishia hapo. Mama akasema, "Imebaki moja."

Ya tano, mvua ilikuwa karibu kuizima sauti. "Dada, dereva anauliza tusubiri ipungue au tupite. Nimemwambia tupite, dada yangu ananisubiri, kasema leo. Weka chai."

Hapakuwa na kitu kingine. Mlinzi alikuwa amesimama nyuma yetu, akarudi kibandani kwake polepole.

"Dada ni wewe," mama akasema.

"Ni mimi, mama."

"Uliyemtuma."

"Ni mimi. Nilimfokea mbele ya watu. Na msibani ulipouliza, nilikuwepo, nikanyamaza."

Akaitikia kwa kichwa. Hakulia, na laiti angelia, au angenipiga. Akaiinua simu ya mwanawe kwa mikono miwili, akanipa. "Na hii iliyoingia huku ni nini?"

Ilikuwa meseji yangu. Kwenye simu yangu tiki zilikuwa sasa mbili. Nikamsomea: Mvua kubwa, usirudi leo, lala hukohuko.

"Ulimwandikia saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane alikuwa Mazinde anakula mhindi."

"Ndiyo, mama."

"Hii haikumfikia."

"Isingemfikia. Nilijua."

"Na simu ya kawaida? Ukimpigia, ilikuwa haiiti?"

"Ingeita."

"Ukampigia?"

"Sikumpigia."

Alichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaizungumzia kwa Kisambaa, chini chini, kwa muda. Kwa Kisambaa changu cha kuokoteza niliambulia neno la kumwita mtoto tu, basi. Kisha akaifunga kwenye kitambaa, akaanza kurudisha maparachichi kikapuni. Nikanyoosha mkono kumsaidia. Akakisogeza kikapu upande wa pili.

"Mwanangu alitaka kukusitiri," akasema. "Neno lake nitaliheshimu. Sitakutangaza kwa mtu. Ila mimi usiniite mama tena."

Akajitwisha kikapu akashuka.

Siku hiyo hiyo niliingia kwa mkuu wa chuo nikamwambia yote, kirauta, korido, meseji, msiba. Nilitamani anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Akaniuliza kama mtandao sasa uko sawa. Nikamwambia uko sawa.

Nilirudi kupita geti kuu. Hakuna aliyekaa pale kwenye majani. Ule mstari sijaufuta na sitaufuta. Simu ya mdogo wangu inaruhusiwa kuingia saa yoyote. Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine, nafungua programu na kutafuta jina moja. Zinapita bahasha za Maktaba, za Uhasibu, za Mkuu, za Dada. Nilivyokuwa nikiomba Mdogo asibishe hodi, sasa ndivyo ninavyoomba abishe.

Mama yake anauza gulioni siku hizi. Naenda, hata kama sina cha kununua. Nasimama mbele ya kikapu chake, nainamisha kichwa, nasema, "Shikamoo." Huku kwetu hakuna anayeinyima shikamoo jibu lake, hata iwe ya adui. "Marahaba," ananijibu. Miaka yote palikuwa na neno moja linalofuata shikamoo yangu kwake. Nalimeza, nampisha mteja aliye nyuma yangu.